Mgeni Wako Hasikiki, na Sisi Tumechoka Kuongeza Sauti

Wasee wa podikasti, leo naongea na nyinyi. Kuna kitu kinawafukuzia wasikilizaji na hakuna mtu anawaambia: sauti zenu zinapanda na kushuka ovyo. Mmoja anaongea kama yuko juu ya gari la kampeni, mwingine kama ameachwa chumba cha pili. Alafu muziki wa katikati unaingia kwa nguvu mpaka mtu anang'oa hedifoni.

Na hamtaambiwa, juu kuandika komenti ni kazi na kufunga episodi ni kidole kimoja. Utaona tu kwa grafu kwamba watu walitoka dakika ya sita, ukae wiki nzima ukidhani mada ilikuwa mbaya. Pengine mada ilikuwa fiti kabisa.

Fikiria kwanza nani anakuskiza na yuko wapi. Kuna msee yuko kwa mat ya Rongai saa kumi na mbili jioni, injini inanguruma, makanga anagonga bodi, na gari lina muziki wake. Kuna dada anafua, mikono iko kwa povu, simu ameiweka juu ya stuli. Kuna mtu anakanda chapo. Kuna soja wa usiku ameweka hedifoni sikio moja, lile lingine analiacha wazi juu ndio kazi yake. Hawa wote wamechagua podikasti kwa sababu macho na mikono yao iko bize. Ukimlazimisha huyu mtu ashike simu kila dakika, apandishe, ashushe, apandishe tena, umemnyima kile alikuja kutafuta. Na bando ni yake.

Mimi nahariri sauti za watu. Sikumaliza chuo. Hii kazi nilijifunza kwa kompyuta ya kukopa na video za YouTube, na sasa ndio inalipa kodi ya nyumba. So nikiongea hapa naongea kuhusu vitu vinapita mikononi mwangu kila wiki.

Kuna episodi moja nililetewa ambayo sijaisahau. Watangazaji wawili, maboyz, na mgeni wao msichana aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya fee. Ilikuwa imeshapakiwa, na mgeni alikuwa amelalamika, so nikaombwa niitengeneze upya. Niliiskiza mara ya kwanza nikiwa kwa mat naenda nyumbani. Niliskia maswali yote. Niliskia vicheko vyote. Niliskia mtangazaji akisema "eeh", "noma sana", "pole", na sikuskia hiyo pole ilikuwa ya nini.

Nilipofika kwa nyumba nikafunga dirisha, nikavaa hedifoni kubwa, nikaweka sauti mpaka mwisho. Kumbe alikuwa anasema vile aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi na begi mgongoni, miezi mingi, ndio mamake asijue. Alikuwa anakaa maktaba ya umma mpaka jioni. Manze, mimi najua hiyo begi. Hiyo sentensi moja ndiyo ilikuwa episodi yenyewe, na kwa mat ilikuwa imepotea kabisa.

Mbaya zaidi, msichana alikuwa ametuma linki kwa mamake. Kumwambia ana kwa ana kulikuwa kumemshinda, akaona heri mathe askie hapo. Mathe akaiskiza kwa simu yake, kibandani kwake, wateja wakija na kwenda. Jioni akamuuliza binti yake: "Hao vijana wameongea vizuri. Lakini wewe mbona hukusema kitu?"

Sasa, mmoja wa hao watangazaji alikuwa na jibu lake: "Si Spotify itasawazisha?" Hili swali naulizwa sana, so tulimalize hapa.

Mashine hupima ukubwa wa sauti kwa kipimo kinaitwa LUFS. Zamani watu waliangalia tu vilele, yaani pale sauti inaruka juu zaidi. Lakini sikio haliskii hivyo. Kofi moja la mkono lina kilele kirefu na linapita tu, mtu anayebweka dakika kumi mfululizo ndiye anakuchosha. LUFS inapima vile sikio linahisi kwa muda. Mwaka wa 2010 muungano wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya uliweka kiwango cha -23 kwa redio na televisheni. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya biashara kwa televisheni yasiwe na kelele kuliko kipindi chenyewe, ikaanza kufanya kazi Desemba 2012. Yaani watu walichoka kurukiwa na matangazo mpaka ikabidi sheria itungwe.

Kwa upande wetu, Apple Podcasts inapendekeza episodi iwe karibu -16 LUFS, kilele kisipite -1. Spotify kwa kawaida inalenga -14. Ukipakia kitu kiko chini au juu, programu inaweza kukivuta. Lakini shika hii: inavuta faili lote kwa kiasi kimoja. Ni kama kuinua meza yenye glasi ndefu na glasi fupi. Zote zimepanda, na ile fupi bado ni fupi. Kama wewe uko juu na mgeni wako yuko chini, programu itawapandisha wote wawili na hiyo tofauti itabaki palepale. Usitegemee mashine ikutengenezee hiyo baada ya kupakia.

Kwa ile episodi nilipima. Watangazaji walikuwa karibu -15, msichana alikuwa -26. Tofauti ya desibeli 11 inakaa kidogo kwa karatasi, lakini kwa sikio desibeli 10 ni kama sauti imekatwa nusu. So msikilizaji ana chaguo mbili mbovu. Akiweka sauti kwa kiwango cha mtangazaji, mgeni anapotea. Akipandisha amfuate mgeni, kicheko kinachofuata kinampiga sikioni. Na hiyo ya pili si mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kama masaa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 masaa yanashuka mpaka manne. Sisi wa kuskiza vitu kwa mat, na sauti imewekwa mwisho ili ishinde injini, tayari tuko pabaya.

Ilitokana na nini? Kiti. Watangazaji walikuwa na maiki zao karibu na mdomo. Mgeni aliketi kwa sofa, akashirikishwa maiki moja, na yeye ndiye alikuwa mbali nayo. Kila ukizidisha umbali kutoka kwa maiki mara mbili, unapoteza takriban desibeli 6. Ukikaa mara nne mbali zaidi, zimeenda 12. Hesabu ni hiyo tu, na dawa yake ni kusogeza kiti.

So mtu asiniambie hana pesa ya vifaa. Anza hapa: mdomo uwe karibu shubiri moja kutoka kwa maiki, kila mtu, mgeni kwanza. Kama maiki ni moja, iweke karibu na mwenye sauti ndogo, nyinyi wenye vifua msogee nyuma. Kama kila mtu ana maiki yake, rekodi kila sauti kwa njia yake, vilele vicheze karibu -12 ndio kicheko kisipasuke. Na usipime sauti ya mgeni akikuambia alikunywa chai na nini. Hapo kila mtu anaongea kwa nguvu. Akifika kwa kitu kinachomuuma, sauti inashuka, na hapo ndipo unahitaji kumskia zaidi. Mtu mmoja awe anaangalia mita wakati wote.

Kwa kuhariri, Audacity ni ya bure na inatosha. Sawazisha kila sauti peke yake kwanza, ndio mkaribiane. Weka kompresa kidogo, ile inayoshusha vilele na kuacha sauti ya chini ionekane. Shusha muziki mpaka ukae chini ya mazungumzo. Mwisho kabisa ndio unavuta faili lote hadi -16 na kuweka limita isipite -1. Ukianza na hiyo ya mwisho umerudi kwa meza na glasi. Na ujue ukipandisha sauti ndogo kwa kompyuta unapandisha pia jogoo wa jirani na jenereta ya chini. Ndio maana kiti kinashinda programu.

Kuna wale watasema wanataka vitu viwe asili, bila kupakwa rangi. Sawa, mimi pia napenda. Kusawazisha hakumaanishi kila mtu apige kelele sawa. Mtu akinong'ona, abaki akinong'ona, mradi huo mnong'ono unifikie. Ukibonyeza kila kitu mpaka kiwe bapa, masikio yatachoka pia. Acha pumzi, acha kimya, acha mtu ameze mate kabla ya kujibu.

Lakini naona kitu kwa zile faili naletewa, na sitakinyamazia. Mwenye sauti kubwa karibu kila mara ni mwenye maiki. Mwenye sauti ndogo ni aliyealikwa: msichana kati ya maboyz, mdogo kati ya wakubwa, mtu ambaye ni mara yake ya kwanza kuulizwa chochote. Unamwita mtu, anakuja na nauli yake, anakupa kitu hajawahi kuambia mtu, alafu kwa sababu ya kiti, tunaskia tu vile wewe ulishangaa. Hiyo kwangu ni swala la heshima kabla iwe swala la ufundi.

Ile episodi ilinichukua usiku mzima, sentensi kwa sentensi, juu kila nikimpandisha yeye, feni ya hiyo studio inapanda naye. Sauti yake bado ina mchanga kidogo. Lakini anaskika. Waliipakia tena, na safari hii hakuna haja ya mathe kuuliza kitu.

Kama una episodi unataka niiskize kabla hujaipakia, nitumie, dakika kumi za kwanza sidai kitu. Lakini wewe mwenyewe uwe umeiskiza ndani ya mat, hedifoni za mia mbili, bila kugusa simu hata mara moja. Ukilazimika kuigusa, rudi ukamtafute mgeni wako kwa hiyo faili. Amepotea mahali.