Medali za Vita na Jina Lililo Ukingoni

Wiki hii mniwie radhi, sitaandika juu ya PHP wala namna ya kuipa tovuti yako kasi. Nitaandika juu ya kazi ninayoifanya usiku, baada ya ile ya mchana inayolipa kodi ya nyumba hapa Kisumu. Kazi yenyewe ni kukusanya na kuchunguza medali za vita vya zamani, hasa zile safu za medali walizovaa wanajeshi wa Kijerumani kifuani. Najua mtauliza: kijana wa miaka 28 mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, mzaliwa wa ukanda wa ziwa, ana shughuli gani na medali za Wajerumani? Swali zuri. Twende polepole.

Kwanza niseme kwamba sinunui. Mshahara wangu hauniruhusu. Ninachokusanya ni picha: kutoka minada ya mtandaoni, makumbusho na vitabu vya zamani. Kila safu naiingiza katika hifadhidata ndogo ya SQLite kwenye kompyuta yangu. Naandika ina medali ngapi, zimepangwa vipi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila utepe una rangi gani.

Kwa nini mpangilio ni muhimu? Kwa sababu medali nyingi za Kijerumani hazina jina la mwenyewe. Ukiokota moja peke yake, haikuambii ilikuwa ya nani. Lakini zikishonwa pamoja kwenye safu moja, zinaanza kusema. Tuchukue mfano wa safu yenye medali tatu. Ya kwanza ni Msalaba wa Chuma wa 1914 wenye utepe mweusi na mistari myeupe. Huyo alikuwa mpiganaji, maana wasiopigana walipewa utepe mweupe wenye mistari myeusi. Ya pili ni Msalaba wa Heshima wenye panga. Huo ulianzishwa Julai 1934, kwa hiyo safu hii haikushonwa kabla ya hapo. Ya tatu ni Medali ya Ukumbusho wa Makoloni, iliyoanzishwa 1912, na juu yake kuna kipande cha chuma kilichoandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07. Basi bwana huyu alikuwa Tanganyika wakati wa Maji Maji.

Waandishi wa programu mmeshaona ninakoelekea. Kila medali ni sharti moja la utafutaji. Ukiweka sharti la kwanza unabaki na maelfu ya watu, la pili linawapunguza, la tatu linawapunguza tena. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na falme ndani yake, Bavaria, Saxony na Württemberg, na kila moja ilitoa nishani zake. Mtu akiwa na nishani ya Bavaria, ya Saxony na ya makoloni kwa pamoja, orodha za maofisa zilizochapishwa zamani zinaweza kukuachia jina moja tu. Jambo hili lina uzito kwa sababu hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia kule Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Faili za wanajeshi ziliungua pamoja nayo. Kwa wengine, safu ya medali ndiyo chelezo pekee iliyobaki. Wenye seva nadhani mnanielewa vizuri.

Lakini nisiwafiche. Kile kipande cha 1905/07 hunikaa vibaya kila nikikutana nacho. Kwenye soko la wakusanyaji kinapandisha bei. Kusini mwa Tanzania kinasimamia mashamba yaliyochomwa makusudi na njaa iliyofuata, na wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa kufikia 300,000. Hao hawana safu wala utepe. Ndiyo maana kwenye jedwali langu niliongeza safuwima moja ambayo wakusanyaji wengi hawana: medali hii ilitolewa kwa tendo gani, na lilifanyika wapi.

Haya, sasa tuje nyumbani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika kwetu mapema sana. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kiliingia mji wa Kisii, yakatokea mapigano makali na KAR. Juni 1915 Waingereza waliwapakia askari kwenye meli hapa Kisumu, wakavuka ziwa na kuushambulia mji wa Bukoba, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo. Katika vikosi vilivyovuka kulikuwa na askari wa 3 KAR. Na wapagazi? Nyanza ilitoa watu wengi mno. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo akikaa hapa Kisumu, ndiye aliyepewa kazi mwaka 1917 ya kusimamia uandikishaji wa wapagazi.

Sasa niwaambie la kwetu. Kijijini Seme, dani yangu ana medali moja ya fedha ya Waingereza, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkebe wa majani ya chai. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano, wa pili una mpanda farasi na miaka 1914 na 1918. Utepe ulishaoza zamani. Ilikuwa ya baba yake. Mwaka juzi karo ya binti wa baba mdogo ilikwama, na baba mdogo akapata mnunuzi mjini, mtu wa vito. Tuelewane hapo: mtu wa vito hanunui historia. Anapima gramu. Medali ile ina uzito wa kama gramu 28 za fedha, ikifika kwake inakuwa hereni.

Dani hakukataa wala hakukubali. Alinipigia simu akasema, "Nyakwara, wewe si umesomea kompyuta? Niangalizie kwanza hiki kitu kinasema nini."

Tofauti na Wajerumani, Waingereza wa vita vile waliandika ukingoni mwa medali ya fedha namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Nililala Seme siku ile. Usiku nikazima taa, nikamulika ukingo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, herufi zikatoa kivuli. Namba ilisomeka, na kikosi pia: 3 K.A.R. Jina lilisomeka vizuri, ila halikuwa jina letu. Lilifanana nalo tu.

Baba mdogo akasema, "Umeona? Hata si yake. Pengine aliiokota."

Hapo ndipo digrii yangu ilipopata kazi ya maana. Karani wa 1914 aliandika alichosikia. Kwa kompyuta, njia kongwe ya kulinganisha majina kwa sauti ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inaacha herufi ya kwanza ilivyo, inafuta irabu, na konsonanti inazigeuza tarakimu. Otieno anakuwa O350. Ochieng anakuwa O252, na karani akiandika Ojieng bado ni O252. Safi. Lakini Ouma ni O500, karani akisikia Uma inakuwa U500, na karani aliyezoea Waswahili wa pwani akiandika Juma inakuwa J500. Mtu mmoja, misimbo mitatu! Kosa liko kwenye ile herufi ya kwanza, ambayo Soundex inaiamini kupita kiasi.

Je, tuifute? Kwa Wajaluo si rahisi hivyo. Herufi ya kwanza hutenganisha mwanamume na mwanamke: Otieno ni wa kiume, Atieno wa kike, wote wamezaliwa usiku. Ukiifuta unaozesha nusu ya kijiji. Ila kwenye orodha ya askari wa KAR wote walikuwa wanaume, kwa hiyo pale unaweza kuilegeza bila hasara. Niliandika programu ya mistari kama 60 hivi inayozalisha namna zote ambazo karani angeweza kuandika jina letu. Lile la ukingoni lilikuwa la nne kwenye orodha.

Hiyo peke yake si ushahidi kamili, na nilimwambia baba mdogo hivyo hivyo. Kwetu waliozaliwa usiku ni wengi! Ndipo nikamuuliza dani babake aliwahi kusimulia nini. Akasema mzee hakupenda kuzungumzia vita, ila akinywa kidogo alikuwa akisema alivuka ziwa kwa meli kubwa, akalala upande wa pili, akarudi. Watoto walidhani anazungumzia safari ya uvuvi. Nikamweleza habari za 3 KAR, Kisumu na Bukoba mwaka 1915. Dani alinyamaza kitambo, kisha akacheka sana. "Kumbe hakuwa amekwenda kuvua!"

Medali haikuuzwa. Karo tulichangishana, mimi nikiuza kompyuta yangu ya zamani. Baba mdogo ndiye sasa huwaonyesha wageni ule ukingo, kwa tochi.

Tangu hapo nazisoma safu za Wajerumani kwa jicho jingine. Namfikiria Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, aliyepigana upande wa Wajerumani angali mtoto na kujeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malipo yake na ya baba yake. Alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Ulipotoka ule Msalaba wa Heshima wa 1934 aliuomba, akanyimwa. Akajinunulia dukani, akauvaa. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Kwa mkusanyaji, safu yake ni bandia kwa sababu haina hati. Kwa vita alivyopigana, ni halali kuliko nyingi nilizoziingiza. Kwenye hifadhidata yangu safuwima ya "ina hati" na ile ya "alikuwepo" ni mbili tofauti, kwa ajili yake.

Kuna pia simulizi inayorudiwa sana kuhusu Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee. Wazee mamia kadhaa walijitokeza, wachache tu wakiwa na vyeti. Inasemwa kwamba mlipaji aliwapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyeshindwa. Mikono yao ilikumbuka kile ambacho karatasi hazikuwa nacho.

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti mwaka 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hizo ni rekodi zisizo na jina, ndugu zangu, na nyingine ziko ndani ya mikebe kwenu.

Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo hii, uliza. Ukikuta medali usiisugue na majivu wala dawa ya meno, utafuta herufi. Piga picha mbele, nyuma na ukingo mzima, taa ikitoka ubavuni, rula ikiwa kando. Zikiwa kadhaa, usizifungue kutoka kwenye utepe. Mpangilio wake nao ni maandishi. Kisha, kabla ya kufungua mtandao, kaa na mtu mzee kuliko wote pale nyumbani na umwandike anavyosimulia, hata kama ni habari za uvuvi.

Wiki ijayo tutarudi kwenye PHP. Kila la heri.