Sauti ya Wazee wa Muthara na Kimya cha Makumbusho

Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo kongwe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yana boma la Kimeru lililojengwa upya uani. Nyanya kutoka Muthara akiletwa pale hastaajabu, kwani alizaliwa katika nyumba ya namna ile. Huenda akauliza tu kwa nini haifuki moshi.

Swali lake ni zito. Maktaba na makumbusho zimezoea kumpokea mzee kama mgeni wa kutembezwa, na mtoto kama mwanafunzi wa kunakili maelezo ukutani. Ni nadra wawili hao kuketishwa pamoja, mmoja akisimulia, mwingine akiuliza. Tena Muthara iko Tigania Mashariki, kwenye njia iendayo Maua. Nauli humzuia mzee kabla ngazi za jengo hazijamzuia. Basi afuatwe huko huko, sokoni na kanisani.

Aidha, elimu ya wazee imekwisha kuchotwa. Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wa Kimeru mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1993 kitabu chake, When We Began There Were Witchmen, kikachapishwa Marekani. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mjukuu wa msimulizi akitaka kumsomea babu yake maneno ya rika lake, shurti ayatafsiri upya kutoka Kiingereza.

Na wazee ni nani? Wengi hukimbilia Njuri Ncheke, baraza la wanaume lenye nyumba yake Nchiru. Nyanya ajuaye mbegu za wimbi na jina la kila kibuyu kwa Kitigania ataitwa na nani? Programu ianziayo na kuishia kwa Njuri huwaacha wanawake wote nje, seuze asiyeona au asiyesikia.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na Jedwali la Nne linazitaja maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti. Sheria ipo. Kinachohitajika ni kinasa sauti, chai, na mwanafunzi anayekijua Kitigania. Nakala ya kwanza ya kila simulizi ibaki Muthara, mahali ambapo mwenye sauti anaweza kwenda kuisikiliza, au kudai kwamba sehemu fulani ifutwe.