Land Rover ya Kwetu na Daftari Lake

Nimeadimika, najua. Nilikuwa nyumbani Mara, na tangu nirudi chuo swali ni moja tu kila kona ya hosteli: eti ni kweli kwenu mmenunua Land Rover 109? Ndiyo jamani, ni kweli. Pikapu ya dizeli, ya mwaka 1978. Mimi mwenyewe sijafika nusu ya umri wake. Na nyie mliocheka kwamba kwa kuongeza kidogo tungepata IST, leo nawajibu kwa kirefu.

Wenyewe tupo watatu. Mama aliuza ng'ombe wanne, kaka yangu ambaye ndiye dereva akatoa akiba yake, na mimi nikaweka vijisenti vya tuisheni nilivyodunduliza tangu mwaka wa kwanza. Jumla milioni saba.

Sasa barabara. Musoma hadi Bunda ni lami, na Musoma hadi Butiama, kilometa 40 na ushee, unafika kwa lami vilevile. IST inateleza tu. Shida inaanza ukiiacha lami, na shamba letu na ndugu zetu wengi wako huko ndani. Upande wa Bunda nako, zile tambarare za kuelekea Ndabaka, udongo ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa, masika unanata kwenye tairi mpaka gari linakaa chini kama ng'ombe aliyechoka kulima. Hapo ndipo unaona kazi ya vile vigia viwili kando ya gia kubwa. Chenye kichwa cha njano unakikandamiza, tairi za mbele nazo zinaanza kuvuta. Chenye kichwa chekundu unakivuta nyuma, gari linakwenda mwendo wa kobe lakini linatoka.

Historia kidogo, si mnajua mimi ni mwalimu mtarajiwa. Waingereza waliyaonyesha magari haya mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeacha uhaba wa chuma, kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama meta 2.77. Aina yetu, Series III, ilianza 1971 ikakoma 1985.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu muuzaji akikuonyesha bodi isiyo na kutu, usishangilie, aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Angalia chesisi, ile ndiyo chuma. Fundi wetu pale Bunda hakugusa injini kwanza. Alilala chini na nyundo akaigonga chesisi toka mbele hadi nyuma, huku anasikiliza. Pakilia kwa ukali ni pazima, pakilia butu pameliwa kwa ndani. Yetu ilikuwa na sehemu moja tu mbovu, huku nyuma, pakachomelewa.

Injini tuliimaliza kwa siku moja. Makaratasi yalichukua miezi minne! Kadi ya gari ilikuwa na jina la mzee aliyefariki zamani, na waliokuwa wanauza ni watoto wake wawili kati ya saba. Mama akawaambia, "Wanangu, silipi hata shilingi mpaka marehemu aniuzie." Maana yake wakae kikao cha ukoo, waende mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, ndipo tuandikishane na kubadilisha kadi. Walinuna, lakini walienda. Ukinunua gari la marehemu kwa mtoto mmoja, wengine sita watakuja kulidai siku limeshatengenezwa.

Siku ya kuandikishana mjane wa yule mzee alitia dole gumba, kisha akasema ana ombi. Gari hilo ndilo lililombeba mumewe kwenda kuzikwa, naye siku yake ikifika angependa limbebe. Halikuandikwa kwenye mkataba. Mama alijibu tu, "Sawa, mama."

Basi bwana, gari likaja nyumbani na ndipo tukajua tumenunua nini. Wiki ya kwanza msiba mmoja, wagonjwa wawili na mjamzito mmoja, wote usiku. Linakula kama lita moja kwa kilometa nane, kwa hiyo kwenda Musoma na kurudi ni zaidi ya lita kumi. Kaka akaanzisha daftari. Mgonjwa, mjamzito na maiti ni bure. Mzigo unalipiwa, awe nani. Na harusini hatubebi watu nyuma, maana trafiki hana shemeji.

Baba mdogo alikuja kubebewa matofali, akaonyeshwa bei, akawaka. "Hapa ni Butiama! Mwalimu amelala pale Mwitongo, nyie mnamtoza ndugu yenu?" Mama akamjibu taratibu, "Shemeji, Azimio la mwaka 1967 lilikuwa la ujamaa na kujitegemea. Dizeli ndiyo kujitegemea." Wiki mbili hawakusalimiana. Kisha mtoto wa baba mdogo akashikwa na homa kali saa nane usiku, mvua inanyesha. Kaka aliamka akaenda. Daftarini imeandikwa: mgonjwa, bure. Deni la matofali bado lipo palepale.

Sasa kuna jipya. Magari haya yana wapenzi wengi siku hizi, si mnakumbuka lile tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024? Jamaa mmoja wa huko amekuja kuiona, anataka kuipamba upya, anatoa milioni kumi na mbili. Kaka anataka tuuze, kwa sababu springi na breki zimeshakula faida yote ya masika na yeye ndiye anayelala chini ya gari. Ana haki. Mama hataki, na hataji hesabu, anataja yule bibi wa Bunda.

Wenyewe ni watatu, kwa hiyo kura ya kuamua ni yangu. Nimepiga hesabu za daftari usiku mbili. Safari 61 kwa miezi mitatu, 23 kati yake ni za bure. Hizo 23 ndizo zilizoniamulia, kwa sababu IST isingefika kwenye hata nusu ya nyumba hizo. Nimempigia kaka jana nikamwambia tusiuze, ila kuanzia sasa apewe posho yake kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa hela ya mzigo. Amenyamaza kidogo, kisha akaniambia nitume ya springi.

Kwa hiyo wadau, boom likitoka msinitafute, nimeshaligawa. Wiki njema!