Chai ya Alasiri Katika Mji wa Kale

Chai ya asubuhi ni chakula. Hunywewa na mtu aliyekwisha kuvaa viatu, jicho moja likiwa kikombeni na la pili mlangoni. Chai ya usiku ni ya nyumbani, na mambo yake ni ya nyumbani. Lakini chai inywewayo Mombasa baada ya sala ya alasiri, hata jua likaribie kuchwa, haina dai la njaa wala la kazi. Na kitu kisichodaiwa na njaa wala na kazi hapana budi kitafutiwe udhuru wake mahali pengine.

Mahali pa kuinywa chai hiyo huitwa mkahawa katika vitabu, na hoteli katika vinywa vya watu, ijapokuwa hapana hata kitanda kimoja cha kumlaza mgeni. Mkahawa ni jina la kahawa, nayo ina haki ya jina hilo, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia pwani. Hata leo kahawa chungu huuzwa barazani kwa dele na finjani. Lakini finjani humalizwa kwa mafunda matatu, na mnywaji akatoa nafasi kwa mwenziwe. Chai ni kinywaji cha mtu aliyekaa. Neno lenyewe lilitoka Uchina, likasafiri mbali. Waarabu hulitamka kwa shini, kwa kuwa herufi ya che haimo katika alfabeti yao. Waswahili husema chai kama wasemavyo Waajemi na Wahindi, na yamkini lilipokewa kutoka upande huo. Ile isiyotiwa maziwa watu wa Mombasa huiita chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Atazamaye bilauri ya chai hiyo mbele ya dirisha hahitaji kuelezwa zaidi.

Mji huu una undugu mwingine na chai, ambao wanywaji wengi hawaufikirii. Mche wa chai ulipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za jirani huletwa hapa kutafuta mnunuzi. Kabla ya kuuzwa huonjwa. Mwonjaji huivuta chai kwa kijiko kwa mlio wa nguvu, huizungusha kinywani, kisha huitema, akapita kwenye kikombe kinachofuata. Hivyo katika mji mmoja pana watu ambao kazi yao ni kuonja chai pasipo kuimeza, na wengine ambao kikombe kimoja huwatosha saa mbili.

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husagwa na kuchanwa kwa mashine hata ikawa punje ndogo, ambazo hutoa rangi na ukali upesi. Mjuzi wa chai wa nchi za baridi hufundisha kwamba majani yasichemshwe, bali yamiminiwe maji ya moto na kuachwa. Mafundisho hayo ni ya haki kwa majani yake. Punje hizi zimekusudiwa sufuria: maji, maziwa, sukari, iliki iliyopondwa, pengine tangawizi, vyote vichemke pamoja mpaka povu lipande na mpishi alishushe kwa upawa. Chai ikisha kuchujwa huletwa na mahamri, au bajia, au viazi vya karai. Mzee wa zamani huimimina katika kisahani ili ipoe, naye huinywa humo bila haya.

Mkahawa mmoja katika vichochoro vya nyuma ya Ngome una meza nne. Katika meza iliyo karibu na mlango hukaa kila alasiri mzee mmoja aliyekuwa karani wa bandari, mjane tangu miaka mingi. Huagiza kikombe kimoja na hamri moja, na huondoka aisikiapo adhana ya magharibi. Kwa hesabu ya biashara mzee huyu ni hasara: kiti chake kingeweza kukaliwa na wateja wengi kwa muda huo. Mwenye mkahawa, kijana aliyeurithi kwa babake, anaijua hesabu hiyo vyema, kwani kodi ya nyumba huilipa yeye, na mtaani maduka ya vinyago vya watalii yanalipa zaidi. Hata hivyo hajapata kuipangusa meza ya mzee kwa namna ile ambayo wauzaji hupangusa meza wakitaka mtu aondoke. Wapitao njiani humsalimu mzee, naye huwauliza habari za wagonjwa wao kwa majina. Siku asipoonekana, mtu hutumwa nyumbani kwake kabla jua halijachwa. Mambo haya hayamo katika bei ya kikombe.

Lakini mwenye kuisifu saa hii aseme pia kwamba ni saa ya wanaume. Mahamri yaliyo katika sinia yalikandwa na mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri, na bajia zilikaangwa alasiri hiyo hiyo na mwingine. Wala hakuna kati yao aliyewekewa kiti. Wao hunywa chai yao uani, baina ya kazi na kazi. Pana wanaosema kwamba ndivyo wapendavyo. Yafaa waulizwe wao.

Mwaka jana mzee alikatazwa sukari na daktari. Ni amri nyepesi kwa atengenezaye chai nyumbani, ila mkahawani sukari hutiwa sufuriani, nayo ikisha kuyeyuka haitoki. Mzee alikaa siku tatu bila kwenda. Siku ya nne alipita mbele ya mlango kama mtu mwenye safari nyingine, akaitwa.

"Ami, karibu. Chai yako i tayari."

Palikuwa na birika dogo pembeni ya jiko, la chai ya mkandaa yenye iliki, isiyo na sukari hata chembe. Mzee aliionja, akakunja uso, akakaa. Alipokwisha akatoa fedha pungufu ya bei.

"Sukari sikuitumia, mwanangu, nami siilipi."

"Na birika la peke yako, Ami, na mkaa wake?"

Mteja wa meza ya pili akasema kwamba sukari ni ghali kuliko mkaa. Wa tatu akapinga, akataja bei ya gunia la mkaa, na karani akaomba kalamu ili hesabu iwekwe sawa, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Adhana iliwakuta wangali wakijumlisha. Fedha ile pungufu ililala mezani, na hesabu ikaahirishwa hata kesho yake baada ya sala.