Kumjaribu Mwajiriwa Mpya

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Twaisifu methali hii, ila twapenda kuongeza neno moja: ampaye mgeni jembe, na amwonyeshe pia mpaka wa shamba.

Mwalimu mpya huletwa kwetu baada ya usaili. Nao usaili ni jambo la nusu saa tu: mtu huvaa nguo zake njema, hujibu maswali, huenda zake. Hapo twaupima ulimi wake. Subira yake mbele ya watoto sitini, na uaminifu wake siku ambayo mkuu hayupo, havionekani. Kwa sababu hiyo umewekwa muda wa majaribio.

Je, muda huo humjaribu nani? Wengi hudhani ni mwajiriwa peke yake. Twamjua kijana mmoja aliyeajiriwa katika shule kwa majaribio ya miezi sita. Mkuu wake aliona mapema kwamba sauti ya kijana haifiki madawati ya nyuma, na kwamba maandalio yake ya masomo huchelewa. Akayaandika hayo katika daftari, akanyamaza. Mwezi wa sita akampa barua ya kuachishwa kazi. Kijana akayajua makosa yake siku ile ile aliyofunga mizigo. Nayo yangalirekebika kwa majuma mawili, kama angaliambiwa.

Kujaribu kwa namna hiyo twakuita kuvizia. Kanuni za utendaji bora za Tanzania za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zasema muda wa majaribio usizidi miezi 12. Tena zamtaka mwajiri ampime mtu mara kwa mara, akutane naye na kumwongoza. Na akiwa na shaka naye, amjulishe, ampe nafasi ya kujibu au kujirekebisha.

Hatusemi kwamba kila mtu athibitishwe. Wapo wasioifaa kazi hii, na kuwaacha darasani kwa huruma ni kuwadhulumu watoto. Lakini aliyeonywa na kuongozwa, kisha akashindwa, huondoka akiijua sababu. Aliyenyimwa neno huondoka na uchungu, na shule haitajua kamwe kama imempoteza mwalimu mwema.

Basi, wenzetu mlio wakuu wa shule, mwezi wa kwanza usipite kabla hamjaketi na mgeni wenu. Mwambieni lililo jema, kisha lililopungua. Nanyi mlio wageni, msingoje kuitwa, ulizeni.