Itikio Lililochelewa

Mwenye kuomba dua akianza, "Mola atuepushe na...", waitikiaji hungoja amalize. Hakuna mtoto wa Unguja wa rika langu asiyelijua hilo. Chuoni tulifinywa masikio kwa kuitikia "amin" mahali pasipo pake. Nilidhani adabu hiyo ni yetu sisi watu wa chuo na msikiti, mpaka Pasaka ya mwaka 2024, nilipokaa katika ua wa mzee mmoja wa Kiiraqw, nje kidogo ya mji wa Karatu, nikasikia itikio la binti yake kutoka Oslo likianguka pabaya. Mzee alikatiza maneno yake, akautazama ule uso wa simu kama mtu aliyemwona nyoka mlangoni.

Mimi si msomi wa lugha. Masomo yangu ya darasani yalikoma mapema, na kazi ya fasiri nimejifunza kwa kukosea. Karatu nilikwenda mara ya kwanza mwaka 2011 kwa sababu isiyo na ushairi wowote: shemeji yangu ana duka la vifaa vya umeme huko, akanialika nikapumzike na joto la Kaskazi. Ni mji wa njiani. Magari ya watalii yatokayo Arusha hupita hapo kabla ya kupanda kwenda lango la Loduare na kuingia Ngorongoro. Lugha ya Wairaqw si ya Kibantu, ni ya jamii ya Kikushi, na jina la Mungu wao wa jadi, Looa, ndilo jina la jua. Wana utanzu uitwao slufay, shairi la kuomba na kubariki, ambalo mzee huliongoza na kikao kizima hulijibu. Nililisikia siku moja kwa mzee huyu, mteja wa shemeji, na tangu hapo daftari langu halikupumzika.

Baina ya safari na safari nilifanya kazi kwa simu, nikiwa nyumbani. Hapo ndipo nilipojua kuwa waya nao una sikio lake. Herufi mbili za mwanzo za neno slufay si s wala si l: ulimi hukaa mahali pa l na pumzi hupita ubavuni kwa mvumo. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, basi. Na sehemu kubwa ya mvumo ule iko juu ya hapo. Kwa miezi niliandika "sufay", na mzee akinisahihisha nilisikia kosa lilelile likirudi. Simu za intaneti zilipokuja na sauti pana zaidi, herufi ile ilinifikia Unguja kwa mara ya kwanza ikiwa nzima. Nakiri niliruka.

Kwa hiyo sikuja Pasaka ile nikiwa adui wa mitambo. Mimi ndiye niliyeshauri wanawe walio mbali waunganishwe: mmoja Mwanza, mmoja Dar es Salaam, na huyo binti wa Oslo, ambaye alikuwa mjamzito na ndiye hasa aliyekuwa akiombewa.

Ubeti mmoja wa mzee hutaja mabaya kimoja kimoja, ukame, maradhi, jicho la husuda, na kila baya hulitaja kwanza, kisha hulifukuza katika pumzi ya pili. Itikio hufuata baada ya kufukuzwa. Binti aliitikia sawasawa, pale alipousikia ukame ukifukuzwa. Lakini sauti yake ilifika Karatu wakati baba yake keshayataja maradhi na hajayafukuza. Kwa masikio ya ua ule, mjamzito alikuwa ameyaridhia maradhi. Shangazi mmoja alishika kichwa. Mzee alirudi nyuma, akayafukuza maradhi mara tatu, kisha akasema simu izimwe.

Jioni hiyo mjukuu wake, kijana dereva wa watalii, alijaribu kumweleza. "Babu, ni kama radi. Unaiona kwanza, ngurumo inakuja baadaye." Mzee akamjibu kwamba ngurumo haiitikii mtu.

Nimeifikiria sana kauli hiyo, kwa kuwa sisi wa pwani ni watu wa majibizano na kuchelewa hakujatuumiza hata siku moja. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na tungo zilikwenda kwa mwendo wa upepo. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi walitupiana mafumbo kurasani, na aliyeulizwa alingoja toleo jingine ndipo ajibu. Hata waya wa simu ya maandishi ulipolazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, mwaka 1879, haukubadili lolote katika sanaa yetu. Mjibuji wetu hulishika shairi zima mkononi, hulitafuna usiku, hutafuta vina, ndipo hujibu. Kuchelewa ni sehemu ya heshima yake. Slufay haina nafasi hiyo. Jibu lake ni nusu ya mstari, na nusu hiyo ikichelewa hushikamana na mstari wa mwenziwe.

Na kuchelewa kwenyewe kumepungua mno, hilo lazima lisemwe. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizokaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno kupanda na kushuka lilichukua robo ya sekunde, na jibu robo nyingine. Barua pepe ya mtu wa Dar es Salaam kwa jirani yake iliweza kwenda ng'ambo na kurudi, mpaka watoa huduma walipoanza kubadilishana mizigo yao humo humo mjini, mwaka 2004. Kisha mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukaanza kuchimbiwa kuelekea bara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kule juu nako, setilaiti za siku hizi, ambazo Kenya imezifungulia mlango tangu mwaka 2023, huruka kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini.

Umbali basi si mkosaji mkubwa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata ukizunguka kilomita 10,000 kufika Ulaya, hutumia sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kinachochelewesha zaidi ni utaratibu. Simu huikata sauti vipande, mara nyingi vya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, huvifunga, huvituma, na upande wa pili huvingoja vikusanyike kidogo ili visifike ovyo. Ni uungwana wa mashine, ndio uliomfanya mjamzito ayaitikie maradhi.

Siku ya pili yake mjukuu alinichukua kushuka kreta ya Ngorongoro. Ndani ya bakuli lile la mita 600 kwenda chini, simu yangu ilipata na kupoteza mnara kila tulipoukaribia ukuta. Redio ya upepo ya gari haikujali. Madereva waliitana: sharubu wawili upande wa ziwa Magadi. Sharubu ni simba. Wamemvika fumbo ili mgeni asijue, asije akasikitika wakifika na mnyama keshaondoka. (Nani alisema utendi umekufa?) Katika redio ile mmoja husema na wote hunyamaza, akimaliza huachia kitufe. Kijana akapendekeza babu yake afanye vivyo hivyo: aseme mstari, anyamaze, angoje wote, aendelee. Tulipomfikishia, mzee alicheka. Alisema huko ni kuita ng'ombe.

Tulipanga kujaribu tena Jumapili ya Mei 12. Asubuhi hiyo mikongo miwili ya baharini ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika nchi nzima. Nilikuwa Unguja, nimekaa barazani, bahari mbele yangu, nikiitazama simu inayozunguka bila kufika. Sikupata kuwaza kabla ya siku hiyo kwamba mtu wa nyanda za juu za Karatu husema na mwanawe kwa kupitia bahari yangu.

Mtoto alizaliwa salama. Desemba nilipanda tena Karatu, ua umejaa watu waliorudi kwa Krismasi, na mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza simu iwekwe juu ya kigoda. Alikuwa amepata dawa yake. Alimuuliza binti, "Maneno yangu unayajua?" Binti akasema ameyajua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. "Basi usinisikilize. Nitangulie."

Akaanza. Binti aliitikia kabla ya kusikia, kwa kumbukumbu, akilitupa itikio lake mbele kama mvuvi alengaye pale samaki atakapokuwa. Mara ya kwanza aliwahi mno, mara ya pili akakosea kidogo, mara ya tatu sauti yake ikaingia kati ya sauti za ua na sikuweza kuitenganisha. Ukame ukafukuzwa. Maradhi yakafukuzwa. Shangazi alikuwa amefumba macho.

Kisha mzee akaongeza mstari ambao haukuwamo katika daftari langu, wala binti hakuwa nao moyoni, kwa kuwa haukuwahi kusemwa: alimtaja mtoto kwa jina. Oslo ikanyamaza. Ua ukaitikia wenyewe. Mzee hakungoja, aliendelea na mvua.