Kalamu ya Baba ni ya mwaka gani?

Hapa kambini mtu akiona kalamu ya wino ya zamani, neno la kwanza ni hili: hiyo ni ya wakati wa Wabelgiji. Ikiwa na mshale kwenye klipu ndiyo kabisa, hakuna ubishi. Hata kalamu ya marehemu Baba, Parker nyeusi yenye kifuniko cha chuma, imeitwa ya Wabelgiji tangu nikiwa mtoto.

Mshale hauna msaada. Parker walianza kuuweka mwaka 1933 na mpaka leo wanauweka. Ya Baba ni ya aina inayoitwa Parker 45, ambayo nibu yake unaifungua kwa kuizungusha kama skrubu, na ukiitazama sehemu kubwa ya nibu imejificha ndani. Aina hiyo ilianza kuuzwa 1960, mwaka uleule Wabelgiji walioondoka. Halafu iliendelea kutengenezwa miaka mingi mno, kwa hiyo ukijua ni Parker 45 bado hujajua kitu. Inaweza kuwa rika la babu yako au rika lako wewe.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kujua. Msalaba wa mbao kwenye kaburi la Baba uliliwa na mchwa, tukachanga pesa tuweke wa saruji. Fundi akauliza: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Jina tunalo. Kufa ni 1997, hapahapa Nyarugusu, miezi michache baada ya kuvuka ziwa kutoka Fizi. Kuzaliwa, karatasi ya usajili inasema 01/01/1960.

Ndugu msomaji, hiyo tarehe unaijua. Hata wewe mfanyakazi wa shirika unaijua, umeiandika mara ngapi? Tungemsherehekea kila mtu aliyeandikiwa tarehe moja Januari, sukari ingekwisha zoni nzima.

Siku ya kusajiliwa Baba alikuwa amelala kwenye turubai, mgonjwa, hawezi kujibu. Mama ndiye alijibu. Hajui kusoma, na karatasi zote za Baba zilibaki ng'ambo. Alisema alichokuwa anakisikia kwa mume wake: "Alikuwa na miaka ishirini mwaka ule Baba Mtakatifu alikuja Zaire." Karani akapiga hesabu: 1980 toa 20. Kwa foleni ya siku ile, mimi simlaumu.

Lakini Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuja Zaire mara mbili. Mara ya kwanza Mei 1980, mara ya pili Agosti 1985. Kama Mama alikuwa anasema juu ya ile ya pili, Baba alizaliwa 1965. Na kama ni 1965, alikufa na miaka 32. Kama ni 1960, alikufa na 37. Mimi mwaka huu natimiza 36. Yaani sijui kama nimeshampita baba yangu au bado.

Hapo ndipo kalamu inaingia. Hadithi ya Mama ina kipande cha pili, ambacho karani hakukihitaji: mwaka huohuo wa Baba Mtakatifu ndipo padri alimpa Baba kalamu hii, kwa sababu alikuwa ameanza kufundisha. Mama hajawahi kuigeuza hadithi hiyo. Kwa hiyo nikawaza, tukijua kalamu ilitoka kiwandani lini, labda tutajua ni Baba Mtakatifu yupi.

Nikaiosha kwa maji baridi (usitumie moto, plastiki ya zamani inapinda) nikaisugua kifuniko kwa kitambaa laini. Kwenye ukingo wa kifuniko, chini kabisa, kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Macho hayakuweza. Nikapiga picha kwa simu, nikaivuta: PARKER, halafu MADE IN UK, halafu vimistari viwili na herufi L.

Hiyo L ndiyo umri. Kuanzia 1980 Parker waliweka alama ya siri ambayo si siri sana. Walichukua maneno mawili ya Kiingereza, QUALITY PEN, ambayo yana herufi kumi na hakuna inayorudiwa. Kila herufi ikapewa namba: Q ni 0, U ni 1, A ni 2, L ni 3, mpaka N ambayo ni 9. Namba ndiyo mwisho wa mwaka. Vimistari ni robo ya mwaka, na vinapungua: vitatu ni robo ya kwanza, viwili ya pili, kimoja ya tatu, robo ya nne haina kitu. Basi vimistari viwili na L ni kati ya Aprili na Juni, mwaka unaoishia na tatu.

Unaoishia na tatu, ndiyo, lakini upi? Baada ya miaka kumi herufi zinarudi palepale. Inaweza kuwa 1983, inaweza kuwa 1993. Hilo nililimaliza kwa Mama. Walifunga ndoa 1987, na anakumbuka Baba alikataa kalamu ya parokia akatia sahihi kwa yake. Basi ni 1983.

Kaka yangu ni mtu wa kupinga, na safari hii alipinga vizuri. Akasema alama iko kwenye kifuniko tu. Vifuniko vinapotea, watu wanabadilishana, labda mwili wa kalamu ni wa 1970 na kifuniko ni cha mtu mwingine. Ni kweli, kwa kalamu za zamani hilo ni jambo la kawaida. Tukaiweka juani tukaigeuza. Kwenye kifuniko Baba alichora M kwa ncha ya sindano, kama walimu wanavyoweka alama kwenye vitu vyao. Kwenye mwili, karibu na mkia, kuna M nyingine, mguu wake wa kulia umepinda vilevile. Kaka akanyamaza, na kwake huko ni kukubali.

Tena kalamu haisemi ilinunuliwa lini. Inasema tu kwamba kabla ya Aprili 1983 haikuwepo duniani. Ingekuwa tunatafuta siku, isingetosha. Sisi tulikuwa na miaka miwili tu ya kuchagua, na Mei 1980 hakuna padri anayeweza kukupa kalamu ambayo haijatengenezwa.

Nikampigia shangazi, mdogo wake Baba, aliye kambi ya Dzaleka, Malawi. Sikumwambia habari ya herufi. Nilimuuliza tu, padri alimpa Baba kalamu lini? Akacheka. "Si mwaka wa Anuarite? Padri alirudi kutoka Kinshasa nayo. Sisi tulishona vitenge." Sista Anuarite Nengapeta alitangazwa mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, Baba Mtakatifu akiwa hapo. Miaka yote hii shangazi alikuwa na jibu, hakuna aliyemuuliza swali lenyewe.

Walio na kalamu za namna hii, angalieni pia jina la nchi. Mzee mmoja wa zoni yetu ana Pelikan imeandikwa W.-GERMANY. Nchi hiyo iliisha Oktoba 1990, kwa hiyo huenda kalamu si mtoto sana kuliko hapo. Nilipomweleza akaenda kuleta diploma yake, imeandikwa République du Zaïre, jina lililoanza 1971 likaisha 1997. Akaviweka pamoja mezani, akatazama muda mrefu, akasema: "Hizi nchi zote mbili nilizisoma darasani."

Ilibaki kubishana juu ya msalaba. Mama aliogopa: karatasi inasema 1960, kaburi likisema 1965 si watatuita waongo? Baba mdogo akasema kaburi si ofisi, hakuna anayehojiwa pale. Kwenye faili hatujagusa kitu, jina la Baba liko kwenye familia nyingi na kesi ya dada inasubiri.

Fundi aliandika 1965. Alikuwa ameacha nafasi ya siku na mwezi, akauliza aweke nini, maana saruji inakauka. Dada akasema labda tarehe moja Januari, ili ijae. Tulikataa wote kwa pamoja, hata Mama. Nafasi iko wazi mpaka sasa. Mimi nimempita kwa miaka minne.